Rafu tusizozifikia maktabani

 

 Wiki chache zilizopita nilialikwa na wanafunzi wa Kiislamu wa chuo kikuu kimoja hapa nchini kutoa darsa baada ya swala ya Ijumaa. Mada niliyopewa ilikuwa ile tuliyoizoea: umuhimu wa elimu katika Uislamu. Ni mada ambayo msemaji akianza aya, maamuma wanaimalizia. Nikataja pango la Hiraa, nikataja kuwa amri ya kwanza kumshukia Mtume (SAW) ilikuwa ya kusoma, nikataja kalamu. Vijana wakapiga takbira. Nikaridhika na nafsi yangu.

Tulipomaliza, nikiwa natafuta viatu vyangu mlangoni, nikamuuliza kijana mmoja aliyekuwa amenishikia mkoba kuwa anasomea nini. Akasema uhandisi wa maji, mwaka wa tatu. Nikamuuliza tena, ni kitabu gani cha fani yake ambacho amekisoma chote, mwanzo mpaka mwisho. Akainama akacheka kwa haya.

"Ustadh, vitabu vya nini tena? Madesa tunayo."

Kwa msomaji asiyejua lugha ya vijana wetu, desa ni yale makaratasi ya muhtasari wa mhadhiri yanayotolewa kopi kwenye vibanda vya nje ya chuo. Lina kurasa ishirini au thelathini, kopi ya kopi, herufi nyingine zimefifia hata hazisomeki. Mwanafunzi hulisoma usiku wa kuamkia mtihani, hulimwaga kwenye karatasi asubuhi, na ikifika jioni analitumia mama lishe kufungia maandazi. Kwa hayo hayo anapata shahada, na kwa shahada hiyo tunamkabidhi madaraja, madawa na mabomba ya maji yetu.

Nikamwomba anipeleke maktaba. Mkoba akaendelea kuubeba yeye.

Ghorofa ya chini ilijaa hakuna pa kukaa. Nikafurahi, nikadhani nimemhukumu kijana wangu kwa haraka. Nilipopita katikati ya meza ndipo nikaona kuwa karibu kila mmoja aliyeketi pale alikuwa ameinamia desa lake alilokuja nalo kutoka bwenini. Mama mkutubi, mtu mzima wa makamo, alinisoma uso. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Shekhe, hawa wanakuja kwa ajili ya feni. Vitabu viko juu huko, vinapumzika."

Tukapanda.

Kwanza tulifika kwenye herufi BP. Maktaba nyingi za vyuo vikuu duniani hupanga vitabu kwa herufi za mpango uliobuniwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, na katika mpango huo BP ndipo penye vitabu vya Uislamu. Hapo nilikuta vitabu vilivyochakaa kwa kusomwa. Vya tafsiri ya Qur'an vimeunganishwa migongo kwa gundi, vya sira vimetoka majalada. Kijana wangu akasimama kwa kujiamini kabisa. Hapa alikuwa nyumbani. Akanionyesha vitabu vitatu alivyowahi kuazima.

Nikamwambia Allah amzidishie. Kisha nikamuuliza, je, huko mbele kuna nini? Akasema hajawahi kufika.

Ndugu zangu, hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Vijana wetu wanaipanda ngazi ya maktaba mpaka kwenye rafu ya dini, wanachukua kitabu, wanashuka. Wanahesabu kuwa wametimiza amri ya kusoma. Zile rafu nyingine, ambazo serikali na walipa kodi, wakiwemo wazazi wao wauza samaki na wauza vitenge, wamezijaza kwa gharama kubwa, wanaziona ni za watu wengine.

Tukaendelea mbele. Ukitoka BP utapita vitabu vya historia, sheria, siasa na lugha, kisha utafika Q. Hapo ndipo sayansi inapoanza, na kila tawi lina mahali pake. QA ni hisabati, na humo humo ndimo wamewekwa watu wa kompyuta. QB ni falaki, QC fizikia, QD kemia, QE miamba na ardhi. Mimea iko QK, wanyama QL, viungo vya mwanadamu QM, vijidudu visivyoonekana kwa macho QR. Ukivuka hapo unaingia R, tiba yote. S ni kilimo, ndani yake SF ni mifugo na SH ni uvuvi. Halafu T, teknolojia: barabara, majengo, umeme, madini, viwanda, hata upishi.

Tulisimama QB. Nikamuuliza kijana, mwaka huu mtaani kwenu mlifunga siku moja au siku mbili tofauti? Akacheka. Kila Ramadhani tunagombana juu ya mwezi mwandamo, msikiti na msikiti, mtu na mkwewe. Sisemi tuache kuutazama mwezi kwa macho; mjadala huo nauacha kwa masheikh wenye uwezo nao. Ninachouliza ni hiki: katika wote waliokunja ngumi juu ya mwezi, ni wangapi wamewahi kufungua kitabu kimoja cha QB wakajua mwezi unazaliwa vipi, na kwa nini siku fulani haiwezekani kabisa kuonekana Tanga hata mbingu iwe safi namna gani?

Na kibla vilevile. Al-Biruni aliandika mwaka 1025 kitabu kizima cha namna ya kupata mahali ulipo mji juu ya uso wa dunia, na shabaha mojawapo ilikuwa kuelekea Makka kwa usahihi. Elimu hiyo haikufa, iko kwenye rafu. Kila mwaka, karibu na tarehe 28 Mei na 16 Julai, jua hupita juu kabisa ya Kaaba adhuhuri ya Makka. Saa za Makka na za kwetu Afrika Mashariki ni zile zile. Kwa hiyo ile ya Mei, ikifika saa 6 na dakika 18 mchana, simamisha mti ulionyooka juani, na kivuli chake kitaelekea kinyume cha kibla, bila dira wala simu. Misikiti mingapi imevunjiana heshima kwa jambo ambalo mti na saa vingelimaliza?

Tukarudi nyuma kidogo, QA. Nikamtolea kitabu kinene cha aljebra, nikamuuliza neno lile limetoka wapi. Hilo alilijua, maana hilo tunalisema sana kwenye mihadhara: limetokana na kitabu cha al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala mwaka 813 mpaka 833. Lakini hakujua kitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya nini. Al-Khwarizmi mwenyewe anaeleza kwenye utangulizi kuwa amekusudia kuwarahisishia watu hesabu wanazozihitaji katika mirathi, wasia, mgawanyo wa mali, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya wasia na mirathi tu. Yaani aljebra hii inayowatoa jasho watoto wetu wa sekondari ilikuwa ni mtumishi wa faraidh! Sheikh anayegawa mirathi na mwalimu wa hisabati walikuwa mtu mmoja. Leo tumewatenganisha, na kila mmoja anamwona mwenzake hajui kitu.

Na kuchimba mifereji, nikamkumbusha, ni fani yako wewe.

Hapo ndipo alipoanza kunisikiliza kwa namna nyingine.

Sasa nataka kusema jambo ambalo baadhi ya ndugu hawatalipenda. Nje ya misikiti yetu kila Ijumaa zinauzwa kanda, sidii na vijitabu vya miujiza ya kisayansi ndani ya Qur'an. Vijana wetu wanavipenda. Watakutajia jina la Keith Moore, mwanaanatomia wa Canada, na jinsi alivyozungumzia hatua za kiumbe tumboni mwa mama. Lakini kitabu chake cha The Developing Human, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1973 na kuchapishwa upya mara nyingi, kinachofundishia wanafunzi wa udaktari hatua hizo wiki kwa wiki kwa michoro, hawajawahi kukishika. Tunafurahi kuambiwa kuwa sayansi imekubaliana nasi, ila sayansi yenyewe hatutaki kuisoma. Qur'an inatuamrisha mara kwa mara kuzitazama mbingu, ardhi, ngamia, mvua na nafsi zetu. Kusimuliwa kuwa kuna mtu mwingine ametazama si kutazama.

Kuna wanaojitetea kwamba vile ni vitabu vya Wazungu, vimeandikwa na wasioamini. Ndugu zangu, hoja hii ingewashangaza waliotutangulia. Aliyekuwa mbele katika kuvihamisha vitabu vya tiba vya Wayunani kuingia Kiarabu pale Baghdad katika karne ya 9 alikuwa Hunayn ibn Ishaq, naye alikuwa Mkristo. Waislamu walimlipa, wakamheshimu, wakasoma. Kisha wakapima walichosoma, wakakosoa, wakaongeza. Ibn al-Haytham alipoandika kitabu chake cha mwanga na kuona, akiwa Cairo mwanzoni mwa karne ya 11, hakuwakubali Wayunani kwa sababu ya majina yao wala hakuwakataa kwa sababu ya dini yao. Alifanya majaribio akathibitisha kuwa jicho halitoi mwanga kwenda kwenye kitu, bali mwanga hutoka kwenye kitu ukaingia jichoni. Wazungu nao wakakifasiri kitabu chake kwa Kilatini, wakakichapa Basel mwaka 1572, wala hawakuona haya kujifunza kwa Mwislamu.

Tuseme na upande wetu wa aibu. Uchapaji wa vitabu ulishika kasi Ulaya kuanzia katikati ya karne ya 15. Istanbul, makao ya ukhalifa, kibali cha kuchapa vitabu vya Waislamu kwa herufi za Kiarabu alikipata Ibrahim Müteferrika mwaka 1727, na hadi anafariki alikuwa amechapa vitabu 17 tu. Wanahistoria wanabishana kuhusu sababu. Matokeo hayana ubishi: katika karne zile ambazo rafu za Q na T zilikuwa zikijazwa, wengi wetu hatukuwepo.

Nirudi maktabani. Tulipofika katikati ya rafu za sayansi nilimwonyesha kijana kitu ambacho naona vyuo havikisemi vya kutosha, kwamba vitabu vya kitaaluma si aina moja. Kuna kitabu cha kiada, hicho cha kukufundisha somo hatua kwa hatua, chenye maswali kila mwisho wa sura. Kuna kitabu cha rejea, kile kinene cha majedwali na takwimu ambacho hakisomwi chote. Unakiendea kutafuta jambo moja, kama tunavyoiendea kamusi. Kuna kitabu kinachozama kwenye jambo moja tu, labda ugonjwa mmoja wa mihogo, kurasa mia tatu. Kuna majarida, humo ndimo matokeo mapya yanamotangazwa kabla hayajafika vitabuni. Na kuna tasnifu za wanafunzi waliotangulia, zenye majalada meusi, ambazo kwa maoni yangu ndizo hazina inayodharauliwa kuliko zote. Humo utakuta utafiti wa maji ya visima vya wilaya yako, udongo wa kijiji chako, malaria ya mkoa wako. Kitabu cha London hakitakwambia hayo.

Ukajue pia umri wa kitabu. Kitabu cha hisabati cha miaka hamsini iliyopita bado ni kitabu. Cha dawa cha miaka hamsini iliyopita kinaweza kuua mtu. Mwanafunzi anayechukua chochote kilicho karibu na mkono wake hajui tofauti hii, na hilo nalo ni ujinga hatari.

Kijana akaniuliza swali zuri. Akasema, "Ustadh, sasa nitajuaje kitabu hiki ni cha kuaminika na kile ni porojo?" Nikamfurahia mno, kwa sababu jibu analo tangu madrasa ila hajalitambua. Nikamfungulia kurasa za mwisho za kitabu, kwenye orodha ndefu ya marejeo. Nikamuuliza hii ni nini. Akatazama. Nikamwambia hii ni sanadi.

Maimamu wa hadithi hawakukubali neno kwa kuwa ni tamu. Waliuliza, umelisikia kwa nani, na yeye kwa nani, na huyo ana hifadhi ya namna gani, ni mkweli, walikutana kweli au anadai tu? Imam Bukhari na Imam Muslim (RA) walisafiri nchi kwa nchi kwa ajili ya hilo. Kitabu cha sayansi kilicho bora kina tabia hiyo hiyo. Kila dai lina mahali lilikotoka, msomaji anaweza kufuata mnyororo mpaka kwa aliyefanya jaribio, na jaribio limeelezwa kwa namna ambayo mwingine anaweza kulirudia. Kabla ya kuchapwa, wajuzi wenzake wa fani wanalisoma na kulikosoa, mfano wa wale waliokuwa wakiwapima wapokezi kwa jarh na taadil. Sisemi mambo haya mawili ni sawasawa, maana wahyi ni wahyi. Nasema umma uliokuwa wa kwanza kuifanya sanadi kuwa elimu ungepaswa kujisikia nyumbani kwenye kurasa za marejeo kuliko umma wowote. Na desa, ndugu msomaji, halina sanadi. Hujui limeandikwa na nani, mwaka gani, wala amelitoa wapi.

Suala la lugha ni kweli lipo na silifichi. Vitabu vile ni vya Kiingereza, na mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anapambana. Lakini ipo kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, na vijana wetu hawa hawa wamehifadhi juzuu nzima za Qur'an kwa Kiarabu, lugha ambayo hawakuzaliwa nayo. Uwezo upo.

Wala isisemwe vitabu havipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa maktaba mpya Novemba 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya vitabu takriban 800,000. Sokoine pale Morogoro ndiko iliko maktaba ya taifa ya kilimo. Muhimbili wana yao ya tiba. Na tangu mwaka 2002 mashirika ya Umoja wa Mataifa yakishirikiana na wachapishaji yamekuwa yakizifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya kitaaluma bure au kwa bei ndogo; mpango huo leo unaitwa Research4Life, na chuo kikijiandikisha mwanafunzi anasoma kwenye kompyuta kile kile anachosoma mwenzake wa Ulaya. Mama mkutubi alituambia kuwa wanaoulizia huduma hiyo anawahesabu kwa vidole.

Imam Ghazali (RA), aliyefariki mwaka 1111, amelizungumzia hili katika Ihyaa Ulumud-Din kwa maneno yanayochoma. Anazihesabu tiba na hisabati kuwa ni faradhi kifaya, na pamoja nazo kilimo na kazi nyingine ambazo maisha hayaendi bila yake. Kisha anawalaumu watu wa zama zake: miji mingi haina tabibu Mwislamu, tabibu ni wa dini nyingine, na bado kila kijana mwenye akili anakimbilia fiqhi, tena si kwa ajili ya fiqhi yenyewe bali kwa vile ndiyo inayoleta ukadhi, usimamizi wa wakfu na mali za mayatima. Miaka zaidi ya mia tisa imepita. Faradhi kifaya, tunajua sote, ikiachwa na wote basi wote wanapata dhambi. Tunalisema hilo kwenye swala ya jeneza. Kwa nini hatulisemi kwenye uhandisi wa maji?

Na wazazi na wafadhili nao wasikilize. Makabati ya misikiti yetu ya mjini yamejaa misahafu, mingine haijafunguliwa tangu iletwe. Jambo jema, Allah awalipe. Lakini Mtume (SAW) alipotaja yanayobaki baada ya mtu kufa, alitaja sadaka inayoendelea na elimu inayonufaisha watu. Kitabu kimoja cha upasuaji au cha umeme, cha toleo jipya, kinaweza kula fedha ya kujikimu ya mwanafunzi ya miezi. Mtu akimnunulia marehemu mama yake kitabu hicho, akakiweka wakfu kwenye maktaba ya chuo, na daktari aliyekisoma akaokoa mzazi leba, hesabu ya thawabu hiyo namwachia Allah. Wakfu ndio uliojenga maktaba za Waislamu tangu zamani. Qarawiyyin ya Fes, ambayo historia inasimulia kuwa ilianzishwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, kwa mali aliyoirithi, ina maktaba mpaka leo, na ilikarabatiwa hivi karibuni, mwaka 2016, kwa usanifu wa mwanamke pia, Aziza Chaouni. Dada zetu wakisikie hicho.

Nimalizie kisa cha kijana wangu. Tulifika mwisho wa ghorofa, herufi TD. Hapo ndipo penye vitabu vya maji safi na maji taka. Alivuta kimoja chembamba, Slow Sand Filtration, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1974. Kwenye karatasi ya nyuma muhuri wa mwisho wa kuazimwa ulikuwa wa mwaka 1991. Kilikuwa kimelala hapo tangu kabla hajazaliwa.

Akasoma amesimama. Kitabu kinaeleza namna ya kusafisha maji kwa kuyapitisha polepole kwenye mchanga mzuri wenye kina cha karibu mita moja. Si mchanga peke yake unaofanya kazi. Baada ya siku kadhaa au wiki juu yake hujijenga utando wa viumbe hai wadogo sana, na utando huo ndio unaokamata na kula vijidudu vya maradhi. Haitaki umeme wala dawa ya kuagiza. Maji yakianza kupita kwa shida, unakwangua sentimita moja au mbili za juu, unaanza tena.

Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akanieleza kuwa mtaani kwao kuna msikiti wenye kisima, na watu wote wa pale wanachota humo, wa kutawadha na wa kunywa. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani na Zanzibar, maafisa wa afya walikuja wakakifunga. Vyoo vya msikiti vilikuwa hatua chache tu kutoka kisimani. Yeye alikuwa mtoto. Mtoto wa jirani, aliyekuwa akikaa naye mkeka mmoja madrasa, alizikwa wiki ile. Baadaye kisima kikafunguliwa tena kwa sababu maji ya bomba hayafiki. Vyoo viko pale pale.

"Miaka mitatu nasomea maji, Ustadh," akasema, "na sikuwahi kukifikiria kile kisima."

Nikamweleza kuwa mwanahisabati al-Karaji, mtu wa aljebra, mwanzoni mwa karne ya 11 aliandika kitabu cha namna ya kuyatafuta na kuyatoa maji yaliyofichika ardhini. Na kwamba katika fiqhi yetu upo mlango wa harimu ya kisima, eneo la kukizunguka ambalo mtu mwingine haruhusiwi kulichimba. Wahandisi wa leo nao wana umbali wao baina ya choo na kisima. Wengi hutaja mita 30, ingawa aina ya udongo na mwelekeo wa maji chini ya ardhi ndivyo vinavyoamua. Elimu mbili zimesimama kwenye ukingo wa kisima kimoja, na kamati ya msikiti haina hata moja.

Alikiazima kitabu kile. Mama mkutubi alikitazama muhuri wa mwaka 1991, akamtazama kijana, akagonga muhuri mpya juu ya meza kwa nguvu kiasi kwamba wenye madesa waliinua vichwa.

Juzi usiku nimepata ujumbe wake kwenye simu. Anasema kamati ya msikiti imekubali maji ya kisima yapimwe kwanza kabla ya jambo lolote, mzee mmoja amepinga, anasema yale ni maji ya wakfu na wazee wamekunywa miaka yote. Mchanga wa majaribio ameshauosha na kuujaza kwenye pipa nyuma ya bweni. Kitabu ameongeza wiki mbili.